4,294,967,297: kuifikia 641 kwa kalamu, bila kugawa kwa kubahatisha

FunguLaTatu

Wakuu, salaam. Naomba mnisaidie kuhusu namba 4,294,967,297, yaani 2³² + 1. Kwamba si namba tasa hilo linajulikana: ni 641 × 6,700,417. Ninachotafuta ni njia ya kufika hapo kwa kalamu na karatasi, ili darasa la kidato cha nne lione sababu na siyo jibu tu.

Vipimo vya kawaida nimeshavipitia. Mwisho ni 7, kwa hiyo 2 na 5 zimetoka. Jumla ya tarakimu ni 59, kwa hiyo 3 na 9 zimetoka. Kwa 7, 11 na 13 nimetumia mafungu ya tarakimu tatu kutoka kulia, jumlisha na toa kwa zamu: 297 − 967 + 294 − 4 = −380, na 380 haigawanyiki kwa hata moja kati ya hizo tatu. Baada ya hapo ni kugawa tu. Kipeuo cha pili cha namba hii kinazidi 65,536 kwa kiasi kidogo mno, na chini ya hapo kuna namba tasa 6,542. Ukienda kwa mpangilio, 641 ni ya 116. Hakuna darasa litakalovumilia kugawa mara 116.

Maswali yangu:
1. Kuna njia ya kupunguza hizo 116?
2. Nitathibitishaje kwamba 6,700,417 ni tasa bila kugawa mamia ya mara?
3. Kwa nini programu ya C inachapa 1 ninapoiwekea namba hii?
4. Ina sifa gani nyingine zinazofaa kuonyeshwa ubaoni?

---

BakiMoja

Mkuu, ipo, na inatokana na umbo la namba yenyewe. Usiitazame kama tarakimu kumi. Itazame kama 2³² + 1.

Chukua namba tasa yoyote p inayoigawa. Maana yake 2³² ikigawiwa kwa p inabakiza −1 (yaani p − 1). Ukiinua mraba, 2⁶⁴ inabakiza 1. Sasa jiulize: kipeo kidogo kabisa cha 2 kinachobakiza 1 ni kipi? Lazima kiwe kigawo cha 64, yaani 1, 2, 4, 8, 16, 32 au 64. Kisingeweza kuwa 32 wala kigawo chochote cha 32, kwa sababu hapo 2³² ingebakiza 1 na siyo −1. Basi ni 64 kamili. Na kanuni ndogo ya Fermat inasema 2 kwa kipeo cha p − 1 inabakiza 1, kwa hiyo 64 lazima igawe p − 1. Kwa maneno mengine, p = 64k + 1.

Orodhesha: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Futa zisizo tasa, zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641. Mara tano badala ya 116.

Na hizo tano usizigawe kwa njia ndefu. Inua mraba na uchukue baki kila hatua: 2⁸ = 256, kisha 2¹⁶, kisha 2³², halafu ongeza 1.

Kwa 193: 256 inabakiza 63; 63² = 3,969 inabakiza 109; 109² = 11,881 inabakiza 108. Ongeza 1, baki ni 109. Siyo.
Kwa 257: 256 ni sawa na −1, mraba 1, mraba tena 1. Baki ni 2. Siyo.
Kwa 449: 65,536 inabakiza 431, ambayo ni sawa na −18, mraba wake 324. Baki ni 325. Siyo.
Kwa 577: 65,536 inabakiza 335; 335² = 112,225 inabakiza 287. Baki ni 288. Siyo.
Kwa 641: 65,536 inabakiza 154; 154² = 23,716 inabakiza 640, yaani −1. Ongeza 1, baki ni 0. Imegawanyika.

Wanafunzi wengi hukosea kwenye hatua ya katikati: wanainua mraba baki kisha wanasahau kuchukua baki tena, namba zinavimba na kosa linaingia. Waambie hakuna namba inayoruhusiwa kuingia mraba unaofuata ikiwa kubwa kuliko kigawo. Wakiizoea −18 badala ya 431, kazi inakuwa nyepesi zaidi.

Njia hii ya 64k + 1 ndiyo aliyoitumia Leonhard Euler. Fermat mwaka 1640 alikuwa ameamini kwamba namba zote za umbo hili, ziitwazo namba za Fermat (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa kuzidisha 2, kisha ongeza 1: 3, 5, 17, 257, 65,537, kisha hii yetu) ni tasa. Mwanahisabati Goldbach alimuuliza Euler habari hiyo kwa barua mwaka 1729, na mwaka 1732 Euler akatoa 641. Inafaa kuwaambia wanafunzi kwamba kifaa kilichovunja dai la Fermat ni kanuni ya Fermat mwenyewe.

Ukitaka uthibitisho wa mistari mitatu, baada ya 641 kujulikana:
641 = 5 × 2⁷ + 1, kwa hiyo 5 × 2⁷ inabakiza −1, na ukiinua kwa kipeo cha 4, 5⁴ × 2²⁸ inabakiza 1.
641 = 5⁴ + 2⁴, kwa hiyo 5⁴ ni sawa na −2⁴.
Weka ya pili ndani ya ya kwanza: −2⁴ × 2²⁸ = −2³² inabakiza 1. Kwa hiyo 2³² + 1 inabakiza 0.

Huu unapendeza ubaoni, lakini usianze nao. Mwanafunzi ataona 641 imeshuka kutoka angani.

---

Kipeo_cha_Pili

Naongezea kwa BakiMoja, kwa sababu zile tano zinaweza kuwa mbili.

Tafuta namba ambayo mraba wake unabakiza 2. Kwa namba yetu ipo wazi kabisa: x = 2⁸ × (2¹⁶ − 1) = 16,776,960. Angalia:

x² = 2¹⁶ × (2³² − 2¹⁷ + 1). Ndani ya mabano, 2³² + 1 ni namba yetu yenyewe, inaondoka. Inabaki −2¹⁶ × 2¹⁷ = −2³³ = −2 × 2³². Na 2³² ni sawa na −1, kwa hiyo jibu ni 2.

Sasa x kwa kipeo cha 64 ni 2³², yaani −1. Kwa hiyo kipeo kidogo kabisa cha x kinachobakiza 1 ni 128. Hoja ileile ya juu inatoa p = 128k + 1. Orodha inakuwa 129, 257, 385, 513, 641. Tasa ni 257 na 641 tu. Mwanahisabati Mfaransa Édouard Lucas ndiye aliyeleta uboreshaji huu kwa namba zote za Fermat kuanzia 17, mwaka 1878.

Hata 257 unaweza kuiondoa bila hesabu. Zidisha namba za Fermat zilizotangulia: 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 = 4,294,967,295. Ongeza 2 unapata namba yetu. Kwa hiyo kila moja kati ya hizo tano inabakiza 2, na hakuna hata moja inayoweza kuwa kigawo. Ukishaondoa 257, jaribio la kwanza kabisa unalolifanya kwa mkono ni 641.

Swali la pili, 6,700,417. Kigawo chochote tasa cha namba hii ni kigawo cha 2³² + 1 pia, kwa hiyo nacho ni lazima kiwe 128k + 1. Kipeuo chake cha pili kiko kati ya 2,588 na 2,589. Namba za umbo la 128k + 1 chini ya hapo ni ishirini, na nyingi zinafutika kwa jicho: zinazogawanyika kwa 3 (129, 513, 897, 1,281, 1,665, 2,049, 2,433), kwa 5 (385, 1,025, 2,305), kisha 1,537 = 29 × 53, 1,793 = 11 × 163, 1,921 = 17 × 113, 2,177 = 7 × 311, 2,561 = 13 × 197. Zinabaki tano:

6,700,417 = 257 × 26,071 + 170
6,700,417 = 641 × 10,453 + 44
6,700,417 = 769 × 8,713 + 120
6,700,417 = 1,153 × 5,811 + 334
6,700,417 = 1,409 × 4,755 + 622

Hakuna baki la sifuri, basi ni tasa. Kugawa mara tano, dakika kumi za kipindi. Tena 6,700,417 yenyewe ni 128 × 52,347 + 1, kwa hiyo umbo linajithibitisha.

Ukishakuwa na vigawo tasa viwili, mengine ni kuzidisha. Vigawo vyote ni vinne: 1, 641, 6,700,417 na namba yenyewe. Jumla yake ni 642 × 6,700,418 = 4,301,668,356. Ukiondoa namba yenyewe, vigawo vilivyobaki vinajumlika 6,701,059 tu, kidogo sana kulinganisha na namba. Idadi ya namba kuanzia 1 hadi kwake ambazo KKS (kigawo kikubwa cha shirika) yake nazo ni 1 ni 640 × 6,700,416 = 4,288,266,240.

---

BakiMoja

Hiyo x umeitoa vizuri mno, mkuu. Mimi huwa natumia kanuni ya jumla kwamba kwa p tasa inayobakiza 1 ikigawiwa kwa 8 ipo namba ambayo mraba wake unabakiza 2, lakini kwa kidato cha nne hii yako haihitaji kuamini chochote.

---

Miraba

Kwa swali la nne, sifa ninayoiona nzuri kuliko zote ni miraba miwili. Namba hii ni jumla ya miraba miwili kwa njia mbili tofauti:

65,536² + 1² = 4,294,967,297
62,264² + 20,449² = 3,876,805,696 + 418,161,601 = 4,294,967,297

Namba tasa haiwezi kuandikwa kama jumla ya miraba miwili kwa njia zaidi ya moja (kubadilisha nafasi hakuhesabiki). Kwa hiyo huo mstari wa pili peke yake unatosha kuthibitisha kwamba si tasa, hata kama hujui kigawo hata kimoja.

Na vigawo vinatoka humo humo. Panga shufwa kwa shufwa, witiri kwa witiri. Tofauti: 65,536 − 62,264 = 3,272, na 20,449 − 1 = 20,448. KKS ya hizo mbili ni 8. Jumla: 65,536 + 62,264 = 127,800, na 20,449 + 1 = 20,450. KKS yake ni 50. Gawa kila moja kwa 2, unapata 4 na 25. Inua mraba na ujumlishe: 16 + 625 = 641.

Zile namba zilizobaki baada ya kugawa kwa KKS, 3,272 ÷ 8 = 409 na 20,448 ÷ 8 = 2,556, nazo zina kazi: 409² + 2,556² = 167,281 + 6,533,136 = 6,700,417. Vigawo vyote viwili vimetoka kwa KKS mbili.

Tahadhari: ukichanganya shufwa na witiri kwenye tofauti (65,536 − 20,449) unapata witiri, kugawa kwa 2 kunashindikana, na mwanafunzi anadhani njia ni mbovu. Pia kuutafuta ule mstari wa pili kwa mkono ni kazi kubwa; huu ni mfano wa kuonyesha muundo, siyo mbinu ya kuanzia.

Sifa nyingine ndogo: 1 ÷ 641 ina desimali inayojirudia kila baada ya tarakimu 32. Mwonyeshe mwanafunzi kwa njia ileile ya baki: 10⁴ inabakiza 385, 10⁸ inabakiza 154, 10¹⁶ inabakiza 640, yaani −1, basi 10³² inabakiza 1. Tazama hiyo 154: ni baki lilelile la 2¹⁶ alilopata BakiMoja.

---

BitiZa33

Nachukua swali la tatu, na hapa pana mitego zaidi ya mmoja.

Kwa mfumo wa jozi namba hii ni 1, sufuri 31, kisha 1. Jumla biti 33. Aina ya `uint32_t` ina biti 32, na kubwa yake kabisa ni 4,294,967,295. Biti ya juu inaanguka, inabaki 1. Ndiyo hiyo 1 unayoiona. Tumia `uint64_t`, andika namba kama `4294967297ULL`, na uchape kwa `PRIu64` kutoka `inttypes.h`, ukiendelea kutumia `%u` utazidi kuona 1 hata kama namba imehifadhiwa vizuri. JavaScript nayo huhifadhi namba hii sawasawa, lakini `4294967297 | 0` inarudisha 1, kwa sababu alama za biti huibana kwenye biti 32.

Mtego wa pili uko kwenye kuzidisha baki. Baki linaweza kufika 4,294,967,296, yaani 2³², na mraba wake ni 2⁶⁴ kamili, ambao kwenye `uint64_t` unakuwa 0. Ni baki hilo moja tu linalofurika, lakini ndilo hasa linalojitokeza unapohesabu vipeo vya 2: 2³² ni −1, unainua mraba ukitarajia 1, unapata 0, na kila kinachofuata ni 0. Kwenye `int64_t` yenye alama ni mapema zaidi: kila baki linalozidi 3,037,000,499 linafurika. JavaScript ya kawaida inaanza kupoteza usahihi baki likizidi 94,906,265. Tiba: `unsigned __int128` kwa GCC, `BigInt` kwa JavaScript, au Python, ambayo namba zake nzima hazina kikomo cha biti.

Mtego wa tatu ni wa hesabu yenyewe. Usipime namba hii (tuiite N) kwa msingi wa 2, yaani kwa kuangalia kama 2 kwa kipeo cha N − 1 inabakiza 1. 2⁶⁴ inabakiza 1, na N − 1 = 2³² inagawanyika kwa 64, kwa hiyo 2 kwa kipeo cha N − 1 inabakiza 1, kama ingekuwa tasa. Hata kipimo kikali cha Miller–Rabin kwa msingi wa 2 kinadanganyika, maana 2³² inafika −1 mahali panaporuhusiwa. Kwa namba zote zilizo chini ya 4,759,123,141 misingi ya 2, 7 na 61 kwa pamoja inatosha kutoa jibu la uhakika, na hii imo.

Kwa namba za Fermat hasa kuna kipimo cha Pépin cha mwaka 1877: anza na 3, inua mraba mara 31, kila mara chukua baki. Ikiwa ni tasa lazima ufike −1, yaani 4,294,967,296. Usipofika, si tasa. Vituo vya kukagua programu yako:

3, 9, 81, 6,561, 43,046,721, kisha mraba wa tano: 3,793,201,458
baada ya mara 31: 10,324,303
ukiongeza mara moja: 3,029,026,160

10,324,303 siyo −1, kwa hiyo si tasa. Kwa Python ni `pow(3, 2**31, 2**32+1)`. Ikiwa programu yako ya C inapata 3,793,201,458 vizuri kisha inapotea kwenye mraba wa sita, umetumia `int64_t`.

Kipimo hiki kinakwambia si tasa bila kukupa kigawo. Hayo ni maswali mawili tofauti, na ni vizuri darasa lilione hilo mapema.

---

FunguLaTatu

Asanteni sana. Nimeyapitia mabaki yote kwa mkono na yamekubali. Moja limebaki: kikokotoo cha tarakimu kumi kinaonyesha 4,294,967,297 ÷ 65,537 = 65,535.00003. Kikiwekwa desimali mbili kinaonyesha 65,535.00. Mwanafunzi atasema imegawanyika. Nimwambieje?

---

Kipeo_cha_Pili

Mwambie arudishe kwa kuzidisha: 65,537 × 65,535 = 4,294,967,295, pungufu ya 2. Ile 0.00003 ni 2 ÷ 65,537. Kadiri kigawo kinavyokuwa kikubwa ndivyo baki dogo linavyojificha kwenye desimali za mbali, kwa hiyo kwa namba kubwa tusiamini sufuri za kwenye kioo. Tuzidishe namba nzima na tutoe.

Na hiyo 4,294,967,295 aliyoikuta si ya kutupa. Ni zao la namba tano za Fermat zilizo tasa, na kwa kanuni ya Gauss na Wantzel umbo sare lenye pande 4,294,967,295 linaweza kuchorwa kwa rula na bikari. Hakuna namba witiri kubwa kuliko hiyo inayojulikana kuwa na sifa hiyo. Ongeza pande mbili tu, ufike kwenye namba yetu, na uchoraji hauwezekani tena, kwa sababu 641 na 6,700,417 ni tasa zisizo za Fermat.